Tupeane uzoefu: tulioishabikia Metropolitans 92 kabla haijafa

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa sisi tulioipenda Metropolitans 92, timu ya kikapu ya Levallois, ubavuni mwa Paris. Ilizaliwa 2007 Paris Basket Racing ilipoungana na Levallois, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na 2024 ikafa. Inaniuma kwa sababu mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa inacheza fainali ya ubingwa wa Ufaransa.

Naanza mimi. Nilikuwa nasoma Paris, nikapata tiketi ya ukumbi wa Marcel-Cerdan, kiti cha nyuma ya goli. Wakati wa kupasha misuli nyota wetu, Victor Wembanyama, aliutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani kabatini. Mtoto wa mbele yangu akaacha kutafuna, kipande cha mkate mdomoni.

*Mwana wa Lubumbashi:* Huku kwetu tulivutwa na jina la Wembanyama kwanza, maana baba yake ana asili ya Kongo. Oktoba 2022 walipocheza na G League Ignite, timu ya vijana ya Marekani, kule Nevada, kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri. Tulikuwa vijana wanne, simu moja imeegemezwa kwenye sufuria. Alifunga pointi 37, saba kati ya mitupo yake ikiwa ya pointi tatu. Timu ilifungwa 122-115, lakini hakuna aliyerudi kulala.

*Mzee wa Coubertin:* Wanangu, mimi naikumbuka tangu upande wa Paris Basket Racing. Nilimwona Tony Parker pale ukumbi wa Pierre de Coubertin, kijana mwembamba, mbio kama swala. 2001 San Antonio Spurs ya NBA, ligi kuu ya Marekani, wakamchukua kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ya 28. 2023 Spurs haohao wakamchukua Wembanyama, wa kwanza kabisa, na usiku uleule mwenzake wa timu, Bilal Coulibaly, akaitwa wa 7. Nilifurahi, kisha nikaogopa: nani amebaki? Msimu uliofuata Metropolitans wakamaliza mkiani, wakashuka daraja, na timu ya kulipwa ikaishia hapo.

*Mwanzisha uzi:* Asante mzee, shikamoo. Skafu yangu ninayo bado. Fainali na Monaco tulifungwa 3-0, na mechi ya tatu ilichezwa Roland Garros, kwenye uwanja wa tenisi. Nilikosa tiketi. Aliyekuwepo siku ile atusimulie.