Mnaovuta hamingibadi (vile vindege vya Amerika vinavyonyonya utamu wa maua) bustanini majira ya machipuko, tupeane uzoefu

Bibi Bustani, Minnesota: Jana jirani katundika kopo lake la maji ya sukari, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza huku. Mwezi wa nne mzima nachungulia dirishani, hola. Kumbe hawa wa koo jekundu kwetu hufika mwezi wa tano. Wenzangu mnafanyaje?

Mtu wa Houston: Sisi mwezi wa tatu wameshaingia. Sukari nyeupe kikombe kimoja, maji vinne. Hiyo rangi nyekundu watu wanayotia ya nini?

Babu Asali: Mimi natia asali. Sukari ushamba.

Mtu wa Houston: Asali inaota kuvu, mzee, utawaua!

Babu Asali: Porini nani anawakorogea sukari?

Mama Ohio: Acheni hayo, nisikilizeni mimi. Mwisho wa kiangazi nimesimama jikoni, kindege kinakunywa zake. Juu ya kopo pana kitu cha kijani, nikajua jani. Jani likanyoosha mikono, chap! Limemdaka shingoni. Vunjajungu! Nikatoka mbio na mwiko, baba watoto anauliza mwizi yuko wapi. Nampiga, haachii. Nikammwagia maji, ndipo akalegea. Kindege puu kwenye majani, moyo unamdunda hadi unauona. Nikasema basi, kafa. Mara vuu, huyoo juu ya paa. Magoti yaliniisha nguvu.

Kaka Dallas: Vunjajungu ale ndege? Mama, kamba hiyo.

Bibi Bustani: Anakula kweli. Yupo mkubwa aliyetoka Uchina, na kindege chenyewe kwa kawaida hakifiki gramu 4.

Kaka Dallas: Mchina tena 😂 Na vyungu vyako vimepona, mama?

Wa Moshi: Hao si ndege chozi tu? Kwangu wanajaa kwenye mishubiri, sinunui hata kijiko cha sukari.

Mtu wa Houston: Chozi mara nyingi anatua ndipo anyonye. Huyu anasimama hewani, na kurudi kinyumenyume anarudi. Si ndugu hao.

Wa Moshi: Mdomo ule ule, utamu ule ule. Haya.

Dada Virginia: Pandeni ua la tarumbeta, wanalipenda mno.

Bibi Bustani: Thubutu! Lile litatambaa mpaka chumbani. Salvia nyekundu yatosha, na msipulize dawa, wadudu nao ni chakula chao.

Dada Virginia: Dume langu moja linafukuza wenzake wote.

Mtu wa Houston: Tundika la pili nyuma ya nyumba, asiyaone yote. Joto likizidi, maji ubadilishe kila baada ya siku mbili.

Babu Asali: Mama Ohio, mwiko ule bado unasongea ugali?

Mama Ohio: Niliuosha.

Kaka Dallas: Sili kwako.