Msaada wadau: mtoto anashindwa jaribio la gololi kila nikimpa, nifanyeje?

MleziAwali: Wakuu, salamu. Nalea kundi la watoto wadogo na mmoja wao ananinyima usingizi. Nimempa lile jaribio la wanasesere wawili. Wa kwanza anaweka gololi kwenye kikapu na kutoka, wa pili anaihamishia kwenye boksi, kisha wa kwanza anarudi. Nikiuliza ataitafuta wapi, mtoto anaonyesha boksi. Nimerudia siku nne, jibu lile lile. Nipeni mazoezi ya kumfanya aelewe kwamba anachokijua yeye mwenzake anaweza asikijue. Naomba haraka, nayahitaji kabla ya Ijumaa.

KobeMpole: Mimi ningeanzia kwenye macho kabla ya kufika kwenye mawazo. Chukua kadi yenye picha ya paka upande mmoja na mbwa upande wa pili, isimamishe katikati yenu, muulize wewe unaona nini. Hilo hata wa miaka miwili na nusu huliweza. Kisha laza picha ya kobe mezani: kwako amesimama, kwake yuko kichwa chini. Kukubali kwamba kitu kimoja kinaonekana kwa namna mbili ni kazi ya karibu miaka 4. Na mazingira ya swali yana uzito. Mwanasaikolojia Piaget alipowaonyesha watoto mfano wa milima mitatu na kuwauliza mwanasesere aliye upande mwingine anaona nini, hata wa miaka sita walichagua mandhari waliyoiona wao. Martin Hughes alipowapa watoto wa miaka mitatu na nusu hadi mitano kazi ya kumficha mwanasesere asionwe na polisi, wengi sana walipatia, kwa sababu kujificha wanakujua.

SemaNami: Mlezi, ana umri gani? Na swali uliliuliza kwa maneno gani hasa?

MleziAwali: Umri sioni kama unabadilisha kitu. Wenzake wawili wamefaulu mara ya kwanza.

SemaNami: Unabadilisha kila kitu. Taja miaka na miezi, na ya hao wawili pia.

MleziAwali: Ana miaka 3 na miezi 4. Hao wawili, mmoja 4 na miezi 7, mwingine anakaribia 5. Sikutaja kwa sababu sikutaka umri uwe kisingizio. Ukweli ni kwamba rasimu ya barua kwa wazazi wake iko tayari, nikiwashauri wampeleke kupimwa usonji (autism). Tunakutana Ijumaa. Bora kuwahi kuliko kuchelewa.

SemaNami: Kuwahi ni kuzuri, ila umewahi na kipimo kisicho chake. Tangu Wimmer na Perner walipoanza na jaribio la namna hii mwaka 1983, limerudiwa mno. Wellman na wenzake walikusanya matokeo mwaka 2001: nusu ya watoto hupatia wakiwa na miaka 3 na miezi 8 hivi, na chini ya hapo wengi hukosea. Wako ana miezi 40. Amejibu kama wa umri wake. Halafu mwaka 1985, Baron-Cohen, Leslie na Frith walipowapa jaribio hilo watoto 20 wenye usonji, 4 walifaulu. Kwa hiyo mwenye usonji anaweza kufaulu, na asiye nao akashindwa kwa udogo tu. Kulifanya msingi wa barua ni kosa.

HekimaKwanza: Na mimi niseme la adabu. Mtoto kuulizwa swali moja siku nne si haki. Watoto hudhani mkubwa akirudia swali basi jibu la kwanza lilikuwa baya. Tafadhali pia msimwite mbinafsi. Mbinafsi anajua unachotaka na anakunyima. Huyu bado hajaona kwamba kichwa chako kina habari tofauti na chake.

ChengaNdogo: Mimi ningetazama uongo wake. Weka kitu kinachotoa sauti nyuma yake, mwambie asigeuke, toka kidogo. Wengi wa miaka mitatu hugeuka. Rudi umuulize kama ameangalia. Akikana, muulize anadhani ni kitu gani: mdogo atakitaja papo hapo, mkubwa atajifanya hajui. Uongo unaoshikilia hadi swali la pili unahitaji kufuatilia mwenzako anadhani unajua nini. Usimwadhibu kwa hilo.

JichoKali: Wakuu, mnapotezewa muda. Gololi, kikapu, boksi, wa kwanza, wa pili: ni jaribio la 1985 limenakiliwa neno kwa neno. Anayekaa na watoto kweli angetuambia mikono na macho ya mtoto vilifanya nini. Maswali ya kumbukumbu, yale ya kuhakikisha mtoto ameikumbuka hadithi, hajayataja hata moja. Naona hakuna mtoto hapa.

MleziAwali: Yupo, na inaniuma kusikia hivyo. Anaonyesha boksi kabla sijamaliza swali, mara mbili alilifungua kabisa. Ila mwanasesere anaporudi, macho yake huenda kwenye kikapu kwanza. Maswali ya kumbukumbu sikuuliza. Na kila alipokosea nilimweleza jibu.

JichoKali: Hayo ya macho hayatungwi na asiyekaa na mtoto. Nimekuamini, na ungeanza nayo. Clements na Perner waliona mwaka 1994 kwamba watoto wa karibu miaka 3 hutazama mahali sahihi huku mdomo ukijibu vibaya. Mkono unaotangulia swali ni suala la kujizuia: gololi ilipo inamvuta. Na kumweleza jibu kumekuharibia kipimo. Anaweza kujifunza kuonyesha "palipo patupu" bila kuelewa chochote.

SemaNami: Basi pumzisha jaribio. Ukirudi, badili vitu na hadithi, mikono yake ikae mapajani mpaka umalize. Uliza "atatafuta wapi *kwanza*?", maana bila "kwanza" mtoto anaweza kujibu ataipata wapi. Kisha uliza aliiweka wapi mwanzo, na sasa ipo wapi hasa. Akikosa lolote kati ya haya mawili, raundi hiyo haihesabiki, maana hadithi imempotea. Unaweza pia kuiondoa gololi kabisa badala ya kuihamisha, mvuto wake hupungua.

Kazi kubwa ni mazungumzo. Mkiangalia picha, uliza huyu anataka nini, ameona nini, anadhani kuna nini ndani, *kwa nini* anadhani hivyo. Anzia kwenye kutaka, kwa kuwa hata wa miezi 18 anaweza kukupa chakula unachokipenda wewe ingawa yeye hakipendi. Sasa niambie: anakuonyesha vitu kwa kidole ili muvitazame pamoja? Anafuata macho yako? Anaigiza? Anasikia vizuri? Kiziwi anayekua kati ya wasiotumia lugha ya ishara huchelewa sana hapa.

MleziAwali: Anaonyesha kila siku, anamlisha mwanasesere kwa kijiko kitupu, ukimwita anageuka. Barua yote siwezi kuifuta, wazazi wameshaambiwa ipo.

SemaNami: Iache, ila neno usonji litoke na jaribio litoke. Andika hayo matatu uliyoyataja sasa hivi, na kwamba anajibu kabla swali halijaisha.

MleziAwali: Sawa, nafanya hivyo. Nirudie baada ya muda gani?

SemaNami: Miezi minne. Atakuwa na 3 na miezi 8, na hata hapo jiandae kwamba anaweza kuonyesha boksi.