Ati niombe leseni ndipo programu yangu ya simu imwambie mvuvi maji yanajaa!

Msiniambie nitulie. Nimetoka kwenye viazi karai sasa hivi, mikono bado yatetemeka. Mwamjua, yule wa miwani ya dhahabu asiyekosa mkutano wenye chai. Kaja mezani kwangu bila salamu, katwaa kiazi karai changu, kakichovya kwenye ukwaju wangu, kisha kanisukumia karatasi: "Kijana, njia hii ya kuonya kwa sauti nimeiombea hataza. Lipa leseni kwa kila nakala au uifute." KIAZI CHANGU MDOMONI!

Programu yenyewe wengi mwaijua. Yapiga hesabu ya maji kujaa na kupwa, bamvua au maji mafu, kisha yamsomea mvuvi kwa simu ya bei ya chini kabisa. Msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, anayetaka achukue, arekebishe, agawe. Sijanakili hata mstari mmoja wa mtu. Lakini hakimiliki yakataza kunakili tu, hataza, ile haki ya serikali kwa mvumbuzi, yashika wazo lenyewe! Hata ukiliwaza peke yako chini ya mwarobaini, washtakiwa, na hataza yadumu miaka 20. Na hiyo leseni ya kulipia kila nakala nitailipaje, mimi ninayegawa bure na sijui nakala ziko simu ngapi?

Si vitisho vya hewa. Mwaka 1994 Unisys ilianza kudai ada kwa hataza iliyo ndani ya picha za GIF, watu wameshazizoea, ikabidi waunde PNG, aina nyingine ya picha isiyodaiwa ada. Mwaka 2019 GNOME, shirika la programu za msimbo wazi, ilishtakiwa Marekani kwa sababu ya Shotwell, programu ya bure ya kupanga picha. Wao walichangiwa pesa za mawakili. Mimi nitachangiwa na nani, na kiazi changu chenyewe kimeliwa?

Nahodha_Mzee: Mwanangu, bamvua twalijua kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu tangu babu yake hajavaa miwani. Aushtaki mwezi kwanza.

KijanaWaTudor: Ukamwacha akimalize? Kesi umeshashindwa hapo.

Mwenye uzi: Soma vizuri. Alichukua na cha pili! Akipangusia vidole ile karatasi yake!

MpendaSheria: Kuomba si kupewa. Mtake nambari ya hataza na nchi aliyoiombea. Hataza ya Marekani haishiki Kisauni hapa Mombasa. Na kama msimbo wako ulikuwa hadharani kabla hajaomba, hifadhi tarehe zake, wazo lake si jipya tena. Bunge la Ulaya lilikataa sheria ya hataza za programu mwaka 2005, kura 648 kwa 14.

BintiMakadara: Nyinyi mwalilia programu. Mimi nimetunga jina la leso ya harusi ya dada yangu, nikampa mwenye duka anichapie. Wiki ya tatu nalikuta kiunoni kwa jirani! Pindo lile lile, rangi ile ile!

KijanaWaTudor: Jina lasemaje?

BintiMakadara: Siliandiki hapa, mtaiba tena.

Mama_Watatu: Ni yule wa ngazi za kijani? Mimi kaniuzia leso yachuja rangi maji ya kwanza, shuka zangu zote nyekundu.

Mwenye uzi: Jamani, hataza!

BintiMakadara: Ndiye huyo huyo! Na wewe alikurudishia pesa?

Mama_Watatu: Kanipa nusu leso. Nusu! Niifunge wapi?

Nahodha_Mzee: Binti, jozi imebaki? Mama watoto ataka ya Idi.