Essen na jina la Krupp: libaki au liondoke? Mimi nasema la shule liondoke

Wakuu salaam. Nimesoma mada yote toka posti ya kwanza mpaka hii ya mwisho na nimeshindwa kulala bila kuandika. Mleta mada kauliza kitu kimoja tu, kwamba je ni sawa mji wa Essen kule Ujerumani kuendelea kuita shule na hospitali kwa jina la Krupp, familia ya viwanda vya chuma na mizinga, wakati Alfried Krupp wa familia hiyo alihukumiwa Nuremberg baada ya vita ya pili ya dunia kwa kutumikisha watu kama watumwa? Wengi mliojibu mmesema kitu kile kile kwa maneno tofauti, kwamba bila Krupp Essen ingekuwa kijiji cha mashamba na kuku, kwahiyo anayetaka jina litoke ni mtu asiye na shukrani. Mimi naishi Essen, huu mwaka wa tisa, naomba mnisikilize hata kama posti itakuwa ndefu.

Tuanze na hili la kijiji maana ndo msingi wa hoja yenu na sio kweli. Essen ilianzia kwenye nyumba ya watawa wa kike iliyojengwa mnamo mwaka 845 hivi, na wakuu wa nyumba ile walikuwa wanawake tu, na kwa karne nyingi ndo waliotawala eneo lote. Makaa ya mawe yalikuwa yanachimbwa hapa zamani sana, na karne ya 17 mafundi wa bunduki wa Essen walikuwa wanajulikana mbali. Friedrich Krupp kaanzisha kiwanda chake 1811, yaani mji ulishakaa karibu miaka elfu. Na huyo Friedrich hakufanikiwa, alikufa 1826 akiwa na madeni, akaacha mjane na mtoto wa miaka 14 anaitwa Alfred na wafanyakazi wasiofika kumi.

Huyo Alfred ndo aliyefanya kazi, hilo simnyimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 akagundua namna ya kutengeneza pete ya chuma ya gurudumu la treni bila kuunga, kipande kimoja kizima, na treni za dunia nzima zikawa zinamuhitaji yeye. Zile duara tatu kwenye nembo yao watu wengi wanadhani ni midomo ya mizinga, hapana, ni hizo pete za treni. Mizinga nayo ikafuata na ikaleta pesa nyingi. Alipokufa 1887 alikuwa na wafanyakazi kama 20,000. Alianzisha mfuko wa matibabu wa wafanyakazi, pensheni, nyumba za kampuni, duka la kampuni, mambo ambayo wakati ule ulikuwa huyapati kwa matajiri wengi. Mfanyakazi wa pale alijiita Kruppianer na alijiita hivyo kwa fahari, na wazee wa hapa mpaka leo ukiwauliza baba yako alifanya kazi wapi wanakujibu "kwa Krupp" kama mtu anakutajia ukoo wake.

Ila nyumba ile ilikuwa ya kampuni. Ukifukuzwa kazi na familia inatoka. Ukijulikana una mambo ya chama cha wasoshalisti unafukuzwa. Mwaka 1877 Alfred aliwaandikia wafanyakazi waraka kuwaambia kwamba siasa sio kazi yao, wakimaliza zamu warudi nyumbani wakae na wake zao na watoto, mambo ya nchi yana watu wenye muda nayo. Sasa hebu fikirieni, mtu anakulipa, anakupa nyumba, anakuuzia unga, anakutibu, halafu anakuchagulia na cha kuwaza! Na mikono iliyochimba makaa na kubeba chuma ilitoka mbali, Wapoland na Wamasuria (watu wa eneo ambalo leo ni kaskazini mashariki ya Poland) kwa maelfu, baadaye kuanzia 1961 Waturuki. Ukisema Krupp alijenga Essen, hawa umewaweka wapi?

Halafu kuna kitu nimeona kwenye komenti nyingi sana, watu wanachanganya Alfred na Alfried. Ni herufi moja tu lakini ni watu wawili na karne mbili tofauti. Sanamu iliyosimama pembeni ya kanisa la Marktkirche katikati ya mji ni ya Alfred wa treni na mizinga. Hospitali inaitwa Alfried, huyu ni kitukuu chake. Kwahiyo ndugu mliosema "mzee alikufa 1887, angejuaje mambo ya Hitler" mmemtetea mtu ambaye hakushtakiwa.

Aliyeshtakiwa ni Alfried. Mwaka 1943 Hitler alitoa amri maalum kwa ajili ya familia hii moja ili kampuni yote iwe mali ya mrithi mmoja, na Desemba ya mwaka huo huo Alfried akawa mmiliki peke yake. Wakati wa vita kampuni zote za Krupp kwa pamoja zilitumikisha watu wanaokaribia 100,000, raia waliokamatwa Poland, Ukraine, Urusi, Ufaransa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso.

Nataka mjue habari ya kundi moja tu. Mwezi Agosti 1944 waliletwa Essen wasichana na wanawake 520, Wayahudi wa Hungaria, wengi walishapitia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na wazazi wao wakaachwa kule kule. Waliwekwa kambi ya mtaa wa Humboldtstraße. Kazi yao ilikuwa kwenye kinu cha kukandamizia chuma kiwe bapa, walikuwa wanatembea kwenda na kurudi katikati ya mji, asubuhi, kwenye baridi, wakati mabomu yanaanguka, wengine miguu wamefunga matambara, na watu wa Essen waliwaona kwa macho. Hili ndo linaloniumiza mimi, kwamba haikufanyika porini, ilifanyika barabarani, barabara ambazo mimi napita nikienda kununua mkate. Mwanzoni mwa 1945 wasichana sita walitoroka na kuna watu wa hapa hapa mjini waliowaficha mpaka Wamarekani walipoingia. Kwahiyo iliwezekana kufanya tofauti. Mtu wa kawaida asiye na chochote, ambaye angekamatwa angeuawa, aliweza, na mwenye kiwanda hakuweza?

Tarehe 31 Julai 1948 mahakama ya Wamarekani pale Nuremberg ikampa Alfried miaka 12 na kunyang'anywa mali yote. Mwanzoni mwa 1951 akaachiwa na mali akarudishiwa, maana vita baridi ilishaanza na Ujerumani Magharibi ilikuwa inahitajika. Mwaka 1959 kampuni ikakubali kuwalipa Wayahudi waliotumikishwa, mpaka maki 5,000 kwa mtu, ila bila kukiri wajibu wa kisheria, na wale wa Poland na Ukraine wasio Wayahudi hawakuwemo kwenye malipo hayo kabisa, wakasubiri mpaka miaka ya 2000 serikali na makampuni yalipoanzisha mfuko, na kufikia hapo wengi walishakufa.

Sasa mniambie shukrani gani inadaiwa hapo.

Najua mtanijibu na habari ya wakfu. Ni kweli, Alfried alipokufa 1967 mali yote ikaenda kwenye wakfu wenye jina lake, mwanae Arndt aliukataa urithi, na mpaka leo wakfu una hisa kama asilimia 21 za thyssenkrupp, kampuni iliyoirithi Krupp, na pesa zake zinafanya mambo makubwa, jengo jipya la makumbusho ya Folkwang walilitolea euro milioni 55. Hospitali nimeingia kumtazama mgonjwa, ni nzuri na wauguzi walimhudumia vizuri, siwezi kusema uongo. Wakfu ukiita hospitali yake kwa jina la aliyeuanzisha nalielewa ingawa silipendi. Shule ni jambo lingine. Shule ile ya Frohnhausen ni ya mji, ni ya umma, mtoto anaingia pale na miaka tisa anaandika jina la Krupp juu ya daftari lake. Kuipa shule jina la mtu ni kumwambia mtoto huyu ni mfano, mfuate. Hapo ndo nagoma.

Na kama mnatafuta jina la kampuni ile ile lisilo na aibu, lipo, Berthold Beitz. Alikuwa kijana anasimamia mafuta Boryslav, mji ambao leo uko Ukraine, wakati wa vita, akawaokoa mamia ya Wayahudi kwa kuwaandika kuwa ni wafanyakazi muhimu, wengine aliwashusha kwenye treni. Mwaka 1953 Alfried mwenyewe akamchukua aje kuiendesha Krupp. Yeye ameshapewa barabara, Berthold-Beitz-Boulevard, inapita pale pale kilipokuwa kiwanda. Sasa mji mmoja unamuenzi aliyeshusha watu kwenye treni na unamuenzi aliyepokea watu walioletwa na treni, kwa heshima ile ile, na unaona sawa tu?

Jambo jingine ambalo wageni wakija hawalioni. Essen imekatwa katikati na barabara kuu ya A40. Kusini kuna ziwa la Baldeney na ile Villa Hügel, jumba la akina Krupp lililokamilika 1873, na miti na nyumba nzuri. Kaskazini ni Katernberg, Altenessen, huko ndo walikokaa wachimba makaa na ndo tunakokaa sisi wageni wengi sasa. Mgodi wa Zollverein upo huko kaskazini, ulifungwa Desemba 1986, mwaka 2001 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia, watalii wanapiga picha ule mnara wake mrefu wa chuma na kweli unapendeza. Lakini vijana wa mitaa ile kazi hakuna kama zamani. Jina la tajiri likabaki kusini na vumbi likabaki kaskazini.

---

Nimerudi, naona mmenijibu wengi, nitajibu mawili.

Kaka aliyesema "alifuata amri, angekataa Hitler angemmaliza": hiyo ndiyo hoja waliyoitoa mawakili wake mwenyewe Nuremberg, na mahakama iliisikiliza ikaikataa. Majaji walisema kampuni haikulazimishwa kinyume na matakwa yake, kwamba ilikuwa yenyewe inawatafuta hao wafanyakazi. Na kumbuka majaji hao hao walimfutia mashtaka mengine, ya kuandaa vita ya uvamizi. Kwahiyo usiseme walikuwa wanalipiza kisasi, walichambua, wakaona hili la watumwa limethibitika.

Dada aliyesema kubadili jina ni kufuta historia, na kwamba sisi Waafrika hayatuhusu: dada yangu, ukifika Mombasa ingia Fort Jesus, kuna mzinga pale wa meli ya Kijerumani Königsberg ya vita ya kwanza ya dunia. Meli ile ilijificha delta ya Rufiji ikamalizwa Julai 1915, mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikawekewa magurudumu Dar es Salaam, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, akapigana nayo nchi nzima. Ile ni mizinga ya Krupp, chuma cha Essen. Na iliburutwa na nani kwenye matope na milima? Babu zetu. Bibi yangu ana asili ya Utete, huko huko Rufiji, na alikuwa anasimulia habari za wapagazi waliochukuliwa wasirudi, na hakuna hata mmoja aliyemtaja kwa jina kwa sababu majina hayakuandikwa popote. Mzinga una jina la meli na aliyeutengeneza anajulikana, aliyeuvuta hajulikani. Kwahiyo ukiniambia jina la shule halinihusu siwezi kukubali, na kufuta historia hasa ndo huko, kujua jina la mwenye chuma na kutojua la mwenye bega.

Mimi sisemi wavunje sanamu ya Alfred, ibaki pale kanisani, waweke kibao kinachoeleza yote, pensheni na kufukuzwa watu kwa ajili ya siasa, vyote viwili. Ya shule nataka ipewe jina la mmoja wa wale wasichana 520, na watoto ndo wachague yupi, baada ya kusoma maisha yao darasani. Kuna mwalimu mmoja hapa jirani yangu (hafundishi shule hiyo) nimemwambia wazo hili, akakaa kimya kidogo akasema "itachukua miaka". Basi ichukue. Mlioko miji jirani ya Duisburg na Bochum njooni mseme na huko kwenu majina ya barabara yakoje, maana viwanda vya kule navyo vilikuwa na kambi.