Mnaogawa nyumba za ndugu zenu bila kuwauliza, uzi huu ni wenu

Wakuu, shule zikifungwa mwezi wa 12 simu zinaanza. "Dada, vijana wa shangazi wameshapanda basi, wanafika Mbezi saa mbili usiku, uwapokee." Mwenye nyumba hajaulizwa kitu. Tiketi imekatwa, mabegi yako kwenye buti, ndipo anaarifiwa. Basi likishapita Chalinze hakuna tena namna ya kukataa, na aliyepanga safari analijua hilo vizuri, ndiyo maana anapiga simu muda huo.

Mgeni mwenyewe simlaumu, maana mara nyingi anafika akiamini kila kitu kimeshaongewa. Ninayemsema ni yule ndugu wa katikati anayetoa namba ya mtu mwingine na kusema "nenda kwa fulani, pale pana nafasi". Yeye anabaki na sifa ya roho nzuri, mwenzake anabaki na magodoro sebuleni. Ukilalamika unaambiwa "mgeni njoo, mwenyeji apone", kisha unaitwa mchoyo kwenye grupu la ukoo.

Tupige hesabu, kwa sababu wanaogawa hawajawahi kuzipiga. Nyumba ina watu 5 na tangi la lita 1,000. Kila mtu akitumia lita 60 kwa siku kwa kuoga, choo na kufua, maji yanatosha siku tatu. Ongeza wageni 4, tangi linakauka kabla siku ya pili haijaisha, na mtaa wenye mgao wa maji hapo ni kuita boza. Ugali wa mtu mzima ni kama robo kilo ya unga, kwa hiyo watu 9 wanakula zaidi ya kilo 2 kwa mlo mmoja, mboga bado. Hita ya bafuni ya kilowati 5 inamaliza uniti moja ya umeme kwa dakika 12. Wageni wanne wakioga dakika hizo asubuhi na jioni, uniti 8 zimekwenda kwa kuoga tu.

Kwa aliyepanga nyumba ni mbaya zaidi. Nyumba nyingi za kupanga zina LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, na bili ya maji inagawanywa kwa vichwa. Vichwa vikiongezeka bila taarifa, wapangaji wenzako wananuna, na wana haki ya kununa. Mkataba ukitaja idadi ya wakazi, anayeitwa na mwenye nyumba ni mpangaji. Shangazi aliyetuma watu yuko kwake, amelala.

Kuna jambo moja ambalo watu wanalifumbia macho kwa aibu. Mgeni akija ghafla, wanaohamishwa kwanza ni watoto. "Mlaze na watoto, si mjomba wao?" Hapana! Mtoto asilazwe chumba kimoja na mtu mzima aliyekuja kutembea, awe mjomba, binamu au rafiki wa kaka. Wanaodhuru watoto kwa sehemu kubwa ni watu wanaofahamika nyumbani, na siyo kila mtu anayeitwa ndugu anajulikana tabia. Mgeni alale sebuleni kwenye godoro lake na chandarua chake, watoto wabaki chumbani kwao. Kama sebule haitoshi, basi nafasi haipo, na jibu hilo linajitosheleza.

Wagonjwa nao. Hakuna anayekataa mgonjwa, ila semeni ukweli wa muda. Mtu anatumwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, kwa mionzi, familia inamwambia mwenyeji "ni siku mbili tatu". Mionzi hutolewa siku tano za wiki, na kuna matibabu yanayokwenda wiki tano hadi saba. Huyo anahitaji choo cha kukaa, chakula chepesi, mtu wa kumsindikiza na nauli ya kila siku. Harusi mnaundia kamati, mnakusanya ahadi, mnafuatana mpaka shilingi ya mwisho. Mgonjwa wa wiki sita anaachiwa nyumba moja. Kabla hajasafiri, mkae mgawane: nani analipa nauli, nani anatuma fedha ya chakula kila Jumatatu, nani anapokezana na mwenyeji wikiendi. Mwenyeji akichangia paa ameshachangia. Asitozwe tena fedha.

Sasa mbwa. Mwenye mbwa anakwenda Moshi kula sikukuu, mbwa anashushwa kwa shemeji Kimara na kamba ya katani, "atakula makombo tu". Si kweli. Mbwa wa kilo 30 anahitaji ugali wa kama nusu kilo ya unga kwa siku pamoja na dagaa au utumbo. Makombo ya pilau yana vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo. Na mbwa akiwekwa mahali pageni hubweka usiku, hutafuna kamba, ikikatika huyo barabarani, au anamng'ata mtoto wa jirani.

Akimng'ata, kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, ambayo ni dozi kadhaa kwa siku tofauti. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Haya, nani analipa? Jirani atagonga mlango wa alipong'atiwa mtoto.

Na kuna nyumba za Waislamu zinazoletewa mbwa kana kwamba ni mfuko wa ndizi. Waislamu wengi wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafii: chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama wa nyumba anaanza kufuatilia sufuria, ndoo na mkeka wa kuswalia kwa sababu shemeji hakutaka kulipia malezi ya mbwa wake. Hiyo ni dharau, tuiite hivyo.

Paka anaonekana mwepesi, lakini kinyesi chake kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, hatari kwa mimba. Nyumba yenye mjamzito, mtu mwingine ndiye atoe kinyesi, na kila siku, kwa kuwa vimelea hivyo huchukua siku moja au zaidi kuanza kuambukiza. Paka mgeni afungiwe chumba kimoja siku za mwanzo, la sivyo anatoroka kurudi kwao.

Kwa hiyo anayetaka nafasi amuulize mwenye nyumba mwenyewe, kabla ya tiketi, aseme idadi ya watu, tarehe ya kufika na ya kuondoka. Mwenye nyumba akisema haiwezekani, asiombwe sababu, na anayetaka kusaidia achangie gesti. Mnyama aje na kadi ya chanjo ya kichaa yenye tarehe isiyozidi mwaka, mnyororo wa chuma, chakula cha siku zote na fedha ya daktari wa mifugo. Mbwa asiye na kadi arudi na aliyemleta, jioni hiyohiyo.