Ukoo wa Barabara ya Nane, Ngamiani

Mwanaidi, saa 1:12 asubuhi: Asalaam aleykum. Julai 25 hiyo inaingia, Siku ya Mashujaa. Hitma ya Mjomba tunasoma au tunanyamaza kama mwaka jana? Na Kaboya nani anakwenda? Toka azikwe hakuna hata mmoja wetu aliyefika kaburini.

Mwanaidi, saa 4:40: Naona tiki za buluu tu.

Hamisi: Waaleykum salaam. Kaboya ni Muleba, Kagera huko. Nauli je?

Salim Dar: Kwani Ami si alifia Kampala?

Mwanaidi: Kampala hakuiona, Salim. Alifia Lukaya, vita vya Amin, Machi 1979, kwenye kile kinamasi. Kampala imeanguka Aprili 11, yeye keshazikwa. Wafundishe na wanao.

Athu: Hitma biriani au pilau? Nijipange 😂

Hamisi: Wewe hata Coastal ikifungwa waulizia pilau 😂😂

Mwanaidi: Acheni utani. Elfu ishirini kila nyumba.

Mama Rukia, saa 7:15 mchana: Nitatoa. Lakini ile picha ya Kaka na sare, iliyopelekwa Dar ikasafishwe mwaka wa msiba wa Baba, irudi kwanza. Hatuna nyingine.

Salim Dar: Shangazi, hayo si yalikwisha?

Mama Rukia: Aliyamaliza nani? Mama kafa akiiulizia.

Hamisi: 🙏

Mwanaidi, saa 11:30 jioni: Mama katuma sauti. Nawaandikia msiofungua: "Picha iacheni. Sura yake ninayo. Siku anaondoka, treni imeshaanza kutambaa pale stesheni, nawe Mwanaidi nimekufunga mgongoni, alivua kandambili akanirushia dirishani. Dada nitunzie, jeshini watanipa buti. Ziko chini ya kitanda mpaka leo, moja imekatika mkanda. Mtu akamsomee Yasini pale alipolala. Mkishindwa niambieni, nitapanda basi mwenyewe na magoti yangu haya."

Salim Dar, saa 3:05 usiku: Shikamoo Bi Mkubwa. Picha ninayo. Iliingia maji upande wa chini, nikaona haya kuirudisha. Uso upo. Nitakuja nayo.

Mama Rukia: Lini?

Mwanaidi: Na Kaboya? Hamisi umeandika ukafuta.

Hamisi: Nangoja zamu za kazini. Kesho nitajibu.

Athu, saa 5:48 usiku: Bibi, mimi nakwenda. Nauli ya kwenda ninayo. Ya kurudi bado.