MREJESHO: Foleni ya grini kadi, mume kazaliwa Mumbai, mimi Tanga

Wakuu, nimerudi. Niliuliza tufanyeje kufupisha foleni ya grini kadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) ya mume wangu, injinia huku Texas kwa viza ya kazi ya H-1B. Amekulia Dar, ila kwa kuwa alizaliwa Mumbai akawekwa foleni ya India. Kwa kawaida nchi moja haipewi zaidi ya asilimia 7 ya kadi kwa mwaka, na waombaji waliozaliwa India ni wengi mno, wanasubiri miaka na miaka.

Uliyesema tutumie nchi niliyozaliwa mimi, Tanzania, badala ya India, Mungu akubariki sana. Sheria inaruhusu kweli! Wakili aliambatanisha cheti cha ndoa na cheti changu cha kuzaliwa cha RITA, tukawasilisha pamoja fomu za I-485, za kuomba grini kadi. Kwa kuwa nilisajiliwa ukubwani, watu wa uhamiaji wakataka ushahidi zaidi. Cheti cha ubatizo na kiapo cha mama mkubwa ndivyo vilivyotuvusha. Wenye vyeti vya aina hiyo, viandaeni mapema.

Ushauri wa kumwomba mwajiri amhamishe kutoka EB-3 kwenda EB-2 (madaraja ya grini kadi za kazi) uligonga mwamba, walikataa katakata. Kadi zenyewe bado. Ila kibali changu cha kazi kimefika, Jumatatu naanza. Asanteni mno.